Damu ya kunguni

Basi la kutoka Mwanza likiingia stendi ya Misuna, mjini Singida, wauzaji hulikimbilia kabla halijasimama. Huyu kanyanyua majogoo wawili waliofungwa miguu, yule kabeba madumu ya mafuta ya alizeti, mwingine ana asali iliyojazwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Bidhaa ni zilezile, bei ni zilezile, na hata maneno ya kumwita abiria ni yaleyale. Lakini ukikaa pale asubuhi nzima utagundua kwamba yupo muuzaji ambaye madirisha humfungukia, na yupo ambaye abiria humruka macho wakamwita aliye nyuma yake. Basi likiondoka, aliyebaki na kuku wake hasemwi kwamba hajui kuuza. Wenzake husema ana gundu. Na kama ni mtu ambaye hata pale stendi haitikiwi salamu vizuri, hakopeshwi chai, na akisogea kwenye benchi watu hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali pengine, basi hupewa maneno mazito zaidi: yule ana damu ya kunguni.

Msemo huu si mali ya Singida. Utausikia Tanga, Mombasa na Kigoma. Ila Singida ni mahali pazuri pa kuutazama, kwa sababu ni mkoa wa njia panda. Barabara ya Dodoma inaingia, ya Mwanza inatoka, ya Arusha inakuja kupitia Babati. Wamo Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wataturu, Wagogo, Wakimbu, Wasukuma na ng'ombe wao, Wahadzabe wa Mkalama, na watumishi wa serikali waliopangiwa kazi kutoka kila kona ya nchi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake ya kupendea na kuchukia. Sokoni, shuleni na ofisini watu hawa huchukiana kwa Kiswahili, na kwa kazi hiyo Kiswahili hakijawahi kuwaangusha.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Kunguni aliyekomaa ana urefu wa milimita 5 hivi, bapa akiwa na njaa, amevimba na kuiva wekundu akishiba. Hana mabawa. Mchana hujibanza kwenye nyufa za chaga, kwenye mishono ya godoro, nyuma ya picha iliyotundikwa ukutani. Usiku hutoka, hunyonya kwa dakika 5 hadi 10, kisha hurudi alikotoka. Kuanzia anapoanguliwa mpaka anapokuwa mkubwa hujivua gamba mara 5, na kila mara sharti apate damu kwanza. Anaweza kukaa miezi bila kula, akisubiri mwenye kitanda arudi kutoka safari. Aliyelala bweni la shule anajua mapambano yake: vitanda vya chuma vinatolewa uani, maji ya moto yanamiminwa kwenye viungio, magodoro yanaanikwa juani kutwa, na wiki mbili baadaye michirizi myeusi inarudi ukutani.

Sasa linganisha na mbu. Mbu anaua. Malaria anayoibeba imejaza wodi za watoto na makaburi ya watu wazima katika nchi hii tangu kabla hatujaanza kuandika takwimu. Kunguni, kwa upande wake, hajathibitishwa kumwambukiza binadamu ugonjwa wowote. Lakini nani aliwahi kusikia mtu akisemwa ana damu ya mbu? Mbu analia sikioni, mtu anavuta shuka na kuendelea kulala. Aonekane kunguni mmoja tu kitandani, nyumba nzima huamka, taa huwashwa, mgeni aliyefika jana huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 2023 jiji la Paris lilishikwa na taharuki ya kunguni kwenye treni na kumbi za sinema mpaka waziri wa uchukuzi wa Ufaransa akawaita kikaoni wanaoendesha usafiri wa umma. Mdudu asiyeua mtu!

Ukimfinya, damu inayotoka ni yako mwenyewe. Na humfinyi kwa sababu umepima ubaya wake. Kidole kinatangulia, sababu zinafuata. Waliotunga msemo walikuwa na macho makali. Mwenye damu ya kunguni ni yule anayehukumiwa kabla ya shitaka kusomwa, na mara nyingi ni mtu wa karibu, wa kazi moja, wa ukoo mmoja, wa damu moja na wale wanaomfinya.

Damu katika Kiswahili ndimo yanamokaa mapenzi ya ghafla na chuki ya ghafla. Watu wawili wakikutana wakaelewana siku hiyohiyo, tunasema damu zao zimeendana. Wasipoelewana, damu zimekataana, na hapo hakuna cha kujadili, kwa kuwa damu mtu hujaliwa, haitengenezi. Ndiyo maana msemo huu unauma kuliko tusi. Ukimwambia mtu ni mchoyo, anaweza kesho kuchinja kuku akaita majirani. Ukimwambia ana mdomo, anaweza kunyamaza. Ukimwambia ana damu ya kunguni, umemwambia hakuna la kufanya.

Hapa ndipo ninapogombana na msemo wenyewe, ingawa naupenda kwa ufundi wake. Unamwondolea lawama anayechukia. Tazama jinsi sarufi yetu inavyofanya kazi hiyo kwa ujanja. Mtu akisema "fulani anachukiwa", sentensi inadai kumaliziwa: anachukiwa na nani? Na majirani, na mwalimu wake, na mawifi. Wenye chuki wanabaki ndani ya sentensi, wanaweza kuulizwa. Lakini mtu akisema "fulani hapendeki", wote wametoweka. Hapendeki, basi, kwa namna ileile ambayo mlango haufunguki: aliyeshindwa kuufungua hatajwi. Na "fulani anachukiza" inakwenda mbali zaidi, inamfanya asiyependwa kuwa ndiye mtenda. Yeye ndiye anayezalisha chuki, sisi ni wapokeaji tu. Kutoka "anachukiwa" mpaka "anachukiza" ni silabi moja, lakini hatia imehama nyumba.

Wanasiasa wamelijua hilo siku nyingi. Kwenye kura za maoni hawasemi "tumemkataa", wanasema "hakubaliki". Na aliyekataliwa naye hujiokoa kwa fomula yake: sikukataliwa, kura hazikutosha. Nadhani hiyo ni miongoni mwa sentensi bora kabisa zilizotungwa na siasa za Tanzania, maana inamwacha kila mtu na heshima yake. Wapiga kura wa mwaka 1965 hawakuhitaji sentensi kama hiyo. Katika uchaguzi ule wa chama kimoja, wagombea ubunge wawili wa TANU walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, na mwananchi akaweka alama yake kimya kimya. Waziri wa fedha, Paul Bomani, akaanguka. Kutopendwa kwake kulihesabiwa kwa karatasi, hakuna aliyetaja damu.

Lipo neno la zamani ambalo ningependa lirudi mitaani: makuruhu. Wanaosoma madrasa wanalijua. Ni jambo lisilopendeza, ambalo kulifanya si dhambi ila kuliacha kuna thawabu. Liko katikati, kati ya halali na haramu. Tungekuwa na watu makuruhu, yaani watu ambao hatuwapendi na hawana kosa, pengine tungeishi nao kwa adabu zaidi. Lakini neno limebaki msikitini, na mitaani tumebaki na gundu, nuksi, mkosi na kisirani, ambayo yote yanamganda mtu mwilini.

Kinachomganda mtu mwilini kinaweza kuoshwa, na hapo biashara inaanza. Vibao kwenye nguzo za umeme vinajulikana: kusafisha nyota, mvuto wa biashara, kupendwa na bosi, kurudisha mpenzi. Nyota iliyofifia husafishwa, iliyoibiwa hurudishwa. Muuzaji wa kuku aliyepitwa na mabasi wiki nzima anaambiwa akaoge maji yenye majani fulani alfajiri bila kusemeshwa na mtu. Anayekwenda kwa shehe hupewa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na kunywewa. Anayekwenda kwenye maombi huambiwa kwamba amekosa kibali, au kwamba ana roho ya kukataliwa, na roho hiyo hukemewa kwenye mkesha mpaka sauti zinakauka. Kibali! Mfugaji wa Singida anayetaka kusafirisha ng'ombe wake anakijua kibali kingine, cha karatasi na muhuri, na nadhani kimemsumbua zaidi.

Siwacheki wanaokwenda huko. Kutopendwa ni maumivu yasiyo na daktari hospitalini, na mtu aliyepewa la kufanya, hata kama ni kuoga majani, hutoka na mabega yaliyonyooka kidogo. Abiria wa basi humwona. Pengine siku hiyo anauza. Ninachokiona kibaya ni kwamba katika njia zote hizo hakuna hata moja inayompeleka kwa wale wasiompenda akawaulize, jamani, nimewakosea nini?

Kuna njia nyingine inayokwenda kubaya kabisa. Swali "kwa nini sipendwi" likifika kwa mpiga ramli hugeuka kuwa "nani kanifanya nisipendwe". Jina likitajwa, chuki imepata anwani. Wenyewe tunaiita ramli chonganishi, na mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, wakati huo nchi ikiwa imechoshwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na ambayo bado imo kwenye vitabu vyetu, inamtia hatiani hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Lakini sheria haifiki jikoni. Anayetajwa mara nyingi ni mama mzee anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka 50, akiwapikia watoto wa hao wanaomtaja.

Singida ina kumbukumbu yake nzito kuhusu jambo hili. Kati ya mwaka 1946 na 1948 wilaya ya Singida ilikumbwa na mauaji mengi ya watu ambao maiti zao zilikutwa na majeraha ya makucha. Mwanzoni walisemwa simba. Uchunguzi wa serikali ya kikoloni ukaelekeza kwa binadamu, na baadhi ya washitakiwa walinyongwa. Ndiyo habari ya "simba-watu" ambayo imeendelea kusimuliwa, na watu wa mikoa mingine wamewatania na wakati mwingine wamewatukana Wanyaturu kwayo mpaka leo. Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu, aliihusisha na migogoro ya wanaume na wanawake ndani ya maboma. Uwe umekubaliana naye au la, alitazama mahali panapofaa. Chuki iliyozaa makucha yale haikutoka porini, ilitoka uani.

Tukirudi kwenye damu, kuna mtu ambaye kwa haki angestahili msemo wetu na hapewi. Huyo ni mkopeshaji wa mikopo ya kausha damu. Jina la mkopo lenyewe limeshasema kila kitu. Akina mama wanakusanyika chini ya mti siku ya marejesho, kila mmoja na noti zake alizozikunja kwenye pindo la kanga. Aliyepungukiwa anachangiwa na wenzake wa kikundi, na akipungukiwa tena, wenzake haohao humfuata nyumbani kubeba godoro na masufuria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka wakopeshaji wawe na leseni, na serikali imekemea wasio nayo, ila mtaani mkopo unahitajika leo, leseni baadaye. Sasa tazama mkopeshaji anapofika. Kiti kinafutwa vumbi. Anaitwa bosi, anaitwa mama, soda inatumwa dukani. Hakuna anayethubutu kusema ana damu ya kunguni, ingawa anafanya kazi ya kunguni mchana kweupe. Maneno yale yanawekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kutudhuru: mke mgeni, mwalimu mpya, mpangaji anayejibu kwa mkato, muuzaji wa kuku mwenye sura ya huzuni.

Miaka ya Azimio la Arusha tulikuwa tumejaribu kulisahihisha hilo. Baada ya Februari 1967 wanyonyaji walichorwa na kusemwa hadharani kwa lugha ya wadudu na ya damu: kupe, mirija, unyonyaji. Lugha ile ilikuwa na hatari zake, kwani kuna waliogeuzwa kupe kwa sababu tu ya duka au rangi ya ngozi. Lakini angalau ilimtazama anayenyonya. Msemo wetu wa mtaani unamtazama anayefinywa.

Yapo pia majina ambayo yanaipa damu ya kunguni jamii nzima. Kaskazini na mashariki ya Singida, mpaka Hanang na Mbulu huko Manyara, wanaishi wafugaji ambao Watanzania wengi wanawajua kwa jina la Mang'ati. Wanawake wao wa zamani wanajulikana kwa magauni ya ngozi, bangili za shaba, na miduara ya chale inayozunguka macho. Wenyewe hujiita Wadatoga, kundi lao kubwa ni Wabarbaig, na Singida wengi huwaita Wataturu. "Mang'ati" limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni adui. Wamaasai na Wadatoga walipigania malisho ya nyanda za juu za Ngorongoro katika karne ya 19, Wadatoga wakasukumwa kusini, na jina alilowapa mshindi likawafuata. Yasemekana Wamaasai walilitumia kwa heshima fulani, adui wa kupigana naye, si wa kudharau. Heshima hiyo ilidondoka njiani. Kiswahili kilipolichukua, kilibeba uadui peke yake.

Chuki hiyo haikutoka hewani, na tusiwafanye Wanyiramba na Wanyaturu kuwa watu wabaya bila kuwasikiliza. Wizi wa ng'ombe na mauaji ya mikuki kwenye mipaka ya Iramba na Hanang yaliandikwa na maofisa wa kikoloni, na familia zilizopoteza vijana machungani hazikuhitaji kufundishwa neno. Ila tazama na upande wa pili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, uwanda wa Basotu, ambao ulikuwa malisho bora ya Wabarbaig, uligeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada. Mashamba yalifika ekari 100,000 hivi. Yalilimwa malisho, zilizibwa njia za kwenda majini, na matrekta yalipita juu ya makaburi ya wazee, yale ya vichuguu vya udongo yanayoitwa bung'eda, ambayo kwa Mbarbaig ni kama msikiti na kanisa kwa pamoja. Wakaenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw kilishinda Mahakama Kuu dhidi ya NAFCO, na Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo.

Waliokosa malisho walihama na ng'ombe wao, wengine wakaingia Singida na Dodoma, wengine wakafika Morogoro na Mbeya. Kila walikofika, jina lilikuwa limetangulia. Mkulima ambaye hajawahi kumwona Mbarbaig maishani alikuwa tayari anajua kwamba anayekuja ni Mang'ati. Magazeti, na hapa nasema na wenzangu wa kazi, yaliendelea kuandika "wafugaji wa Kimang'ati" bila mwandishi kufikiri hata mara moja kwamba anaandika "wafugaji wa kiadui". Tusingemwita Mhaya au Mngoni kwa neno la namna hiyo kwenye kichwa cha habari. Mhariri yeyote anaweza kulibadili kesho asubuhi, na halimgharimu hata wino wa ziada.

Anayechukiwa naye hakukaa bure. Kiswahili kimempa silaha ya kujibu, na silaha hiyo inauzwa dukani kwa jozi. Ingia maduka ya vitambaa karibu na soko la mjini Singida ukazisome kanga zilizotundikwa. Nyingi zinawasema wasiompenda mvaaji. "Hasidi hana sababu." Maneno matatu, na mzigo wote umerudi kwa mwenye chuki. Mwanamke aliyeambiwa na mawifi kwamba hapendeki anajifunga jibu lake kiunoni, anapita uani akienda kuchota maji, hajafungua mdomo. Mwenzake wa kiume hujifariji kwa mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Ni methali nzuri, lakini nimeisikia ikitumiwa na watu ambao matunda yao sijayaona, akiwamo dalali wa vitunguu aliyekuwa akilalamikiwa kwa lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yanaota kichwa juu ya kichwa ili mkulima auze gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Wakulima hawakumchukia bure. Walikuwa na mizani akilini.

Dalali huyu hajibiwi na damu wala nyota. Watu wengine hawapendwi kwa sababu inayojulikana, inayoweza kuandikwa kwenye karatasi na kurekebishwa siku ya soko inayofuata. Kanga yenye "hasidi hana sababu" inamdanganya mtu wa namna hii kwa utamu uleule ambao mganga anamdanganya yule mwingine. Mmoja anaambiwa kosa limo kwenye damu yake, mwingine anaambiwa kosa limo rohoni mwa watu. Na lumbesa linaendelea kupakiwa.

Kama kuna mahali ambapo nimeona msemo wa damu ya kunguni ukipoteza sumu yake, ni kwenye utani wa makabila. Kwenye msiba mtani anaweza kufika, akakaa mbele ya wafiwa, akasema marehemu alikuwa na damu ya kunguni, ndiyo maana kaburi limekuwa gumu kuchimbika, na wafiwa wakacheka huku machozi hayajakauka. Maneno ni yaleyale ya stendi. Tofauti ni kwamba mtani ameyasema usoni, na kwamba kesho naye yatamrudia. Ya stendi husemwa mhusika akishageuka kisogo.

Watumishi wa umma wanayo tiba yao, na kwa jinsi ninavyoona ndiyo inayoumbua kabisa habari ya damu. Tiba hiyo ni uhamisho. Mwalimu, muuguzi au bwana shamba aliyechokwa katika kituo kimoja huandika barua akitaja sababu za kifamilia, anapakia vyombo, anahamia wilaya nyingine. Mtu aliyekuwa hasalimiwi Iramba anafika Manyoni na miezi mitatu baadaye ndiye mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana, ndiye anayeombwa kusimamia ndoa, watoto wa jirani wanakula kwake. Ni mtu yuleyule, sauti ileile ya mkato, na hakuna aliyemchanja wala kumwogesha. Kama damu ilikuwa ya kunguni, ilibadilishwa wapi?

Lakini siku hizi kuna makundi ya WhatsApp ya kila kada na kila kituo. Lori la vyombo linapakiwa Iramba, na kule Manyoni wameshatumiwa picha yake na sauti ya sekunde 40 ikieleza yeye ni mtu wa namna gani, na ofisini wameanza kusukumiana ni nani atakayekaa naye chumba kimoja.